Kwa Nini Yaya Aliondoka

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye kiti chako karibu na dirisha, cherehani imefunikwa kama daktari alivyoagiza. Nasema hivyo kwa sababu nakujua. Ukiambiwa upumzishe macho, unayapumzisha mpaka mteja wa kwanza abishe hodi. Mtoto wa jicho si vumbi la kupangusa ukaendelea na kazi, dada. Shemeji hajambo? Mgongo wake umetulia, au bado analala sakafuni na kukulaumu wewe kwa godoro? Na binti yetu anayekusomea, mwambie mama mdogo anamsalimu sana, na anamwomba asome pole pole, asiruke mistari, hata akifika mahali atakapotamani kuruka.

Mimi ni mzima. Magoti yananilalamikia nikipanda ngazi, lakini yamekuwa yakilalamika tangu zamani na bado yananifikisha.

Umeniuliza swali moja kwenye simu mara kadhaa, na kila mara nimelikwepa. Mara nikasema mtandao mbaya, mara kuna mtu mlangoni. Umeniuliza kwa nini Yaya ameondoka kwenye tamthilia. Unasema mtaani kwenu kila mtu ana jibu lake. Muuza dawa anasema nimegombana na mtayarishaji. Jirani yako ana hakika nimeolewa na mtu mwenye mali na nimekatazwa kuonyesha uso. Shemeji anasema nimemwaga unga kwa sababu ya mdomo wangu. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu sauti yangu imezoea kuigiza. Ukinisikia nacheka, huwezi kujua kama ni mimi ninayecheka au ni kazi. Kwenye karatasi siwezi kukudanganya vizuri.

Nianze mbali kidogo. Ya mwanzo unayajua, na ya mwisho umeyaona kwenye televisheni kama wengine. Ya katikati sikukusimulia.

Unakumbuka kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa maiti. Nyumba nzima mlikusanyika kuniangalia, na baba akatoka nje kwa sababu hakupenda kuona mwanawe amefunikwa shuka. Ambalo sikuwaambia ni kwamba maiti ile ilipiga chafya, ikabidi warekodi upya, na mwongozaji akasema mbele ya watu kwamba huyu hata kufa kumemshinda. Baadaye nikawa mshitakiwa wa pembeni kwenye benchi la mahakama, nikawa askari jela, nikawa jirani anayechungulia dirishani. Nilichungulia madirisha mengi, dada. Kuna wakati niliamini nitazeekea kwenye mapazia ya watu.

Nafasi ya Yaya ilipokuja ilikuwa ya wiki moja tu: mlezi wa watoto katika nyumba ya kitajiri, afungue mlango, aseme karibu, kisha apotee. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka. Watoto niliokuwa nikiwalea kwenye tamthilia wakaota ndevu, na mimi bado nafungua mlango. Watu wakasahau kwamba nina jina. Dukani Yaya, kwenye foleni Yaya, hata daktari wa meno aliniambia, Yaya, panua mdomo.

Mwenye nyumba kwenye tamthilia ni Bi Mkubwa, yule mjane mwenye ulimi wa wembe. Aliyemwigiza ni mama mmoja mrefu, mzuri bado katika uzee wake, ambaye sisi wote kazini tulimwita Malkia. Hatukumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa na kiti chake ambacho hata mwongozaji hakukikalia. Alikula peke yake. Kila mtu kwake alikuwa "wewe": wewe wa taa, wewe wa nguo, na mimi nilikuwa wewe wa mlango. Wiki yangu ya kwanza alimwambia mwongozaji, nami nimesimama pale pale, kwamba siwezi kubaki kwa sababu napumua kwa kelele. Nilienda chooni nikalia, kisha nikarudi nikapumua kwa pua moja siku nzima.

Lakini nisimpunguzie haki yake. Alikuwa anaijua kazi. Hakuwahi kufika hajui maneno yake, na maneno yake yalikuwa mengi kama mvua. Siku moja aliniambia kitu ambacho hakuna mwingine aliyewahi kunifundisha. Nilikuwa nafungua mlango kwa madaha, natingisha mabega ili kamera inione. Akanitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze, akasema, "Wewe. Ukifungua mlango, fungua mlango. Usinifungulie uigizaji." Watu wakacheka. Mimi niliudhika wiki nzima, halafu nikaanza kufungua mlango tu. Hapo ndipo watu mitaani walipoanza kunipenda.

Kazi ya mwigizaji wa pembeni, dada, ni kusikiliza. Wewe ulikuwa ukinitania kwamba umeona bega langu la kushoto kwa muda mrefu kuliko uso wangu. Ni kweli. Malkia alikuwa anaongea, kamera iko usoni pake, na mimi ni bega lililo mbele. Lakini bega nalo husikiliza. Ukiacha kusikiliza, anayeongea na wewe anajua, na uongo unaonekana usoni mwake, si mwako. Kwa hiyo nilimsikiliza mwanamke yule miaka yote hiyo kwa karibu kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote, hata marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Nilijua anapotaka kukohoa. Nilijua anapopenda sentensi na anapoichukia.

Ndiyo maana mimi nilikuwa wa kwanza kujua.

Tulikuwa tunarekodi pale Bi Mkubwa anapomfukuza mkwewe nyumbani. Alianza vizuri, akaja juu, kisha akanyamaza. Ukimya ukawa mrefu. Mwongozaji alifurahi kupita kiasi. Alisema ukimya ule umemsisimua mwili, tusirudie. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni pake, na nikaona kwamba haukuwa ukimya wa kazi. Macho yake yalikuwa kama ya mtoto aliyeachia mkono wa mama yake sokoni.

Siku nyingine akamwita mkwe huyo kwa jina la marehemu mume wa Bi Mkubwa. Watu wakasema uchovu. Kisha ikaja siku ya kikao cha familia, ile sehemu ya ugomvi wa shamba, unaikumbuka. Chumba kimejaa waigizaji, taa zinatuchoma, na Malkia akasimama mbele ya wote akafungua mdomo, pakatoka pumzi tu. Akanigeukia mimi. Sijui kwa nini. Mimi katika sehemu hiyo sikuwa na neno hata moja, nilikuwa nimeshika sinia. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mama, ulitaka kuwaambia habari za shamba."

Akashtuka. Akasema, "Ndiyo! Shamba!" na maneno yote yakamiminika kama bomba lililozibuliwa.

Mwongozaji alikuja kwangu amenuna, akauliza ni nani aliyeniruhusu kuongea. Akaenda kutazama picha kwenye skrini yake, akarudi bila kununa. Alisema tuiache, inaonekana kama Yaya anaijua nyumba kuliko wenye nyumba.

Malkia aliniita chumbani kwake. Nilikwenda moyo mweupe, nikidhani ananishukuru. Alikuwa amenipa mgongo, anajitazama kwenye kioo. Aliniambia nisimfanye mjinga mbele ya watu tena. Nikisema neno lisilo langu kwa mara nyingine, atahakikisha sifungui mlango wowote katika nchi hii. Nikaitikia, nikatoka.

Dada, nilikasirika. Nikasema potelea mbali. Kesho yake tukarekodi, na alipokwama nikakaza midomo kama nimeishona. Alikwama mara moja, akakwama mara ya pili, wakaanza upya, akakwama palepale. Wapiga picha wakaanza kutazamana. Yule binti anayeigiza kama mwanawe akapumua kwa sauti ile ya kuonyesha kwamba amechoka. Na mimi nimeshika sinia langu, ninayo sentensi yake nzima ulimini, na simpi. Nikaona mkono wake ukitafuta ukingo wa meza. Sikupata furaha yoyote niliyotegemea kuipata.

Mwongozaji akatoa mapumziko. Nilikwenda kwenye chumba cha mavazi kushona kifungo. Mlango ukafunguliwa, Malkia akaingia, yeye ambaye hajawahi kuingia chumba kile, kwa kuwa nguo ndizo zilizokuwa zikimfuata. Akatafuta mahali pa kukaa. Hapakuwa na kiti, akakaa juu ya kreti la soda, na gauni lake lote la hariri. Nami nikaendelea kushona kifungo changu. Hatimaye akasema, huku anatazama sakafu, "Nisaidie."

Neno hilo moja tu. Nikamwambia, "Sawa, mama."

Tangu hapo nikajifunza sehemu mbili, yangu na yake. Wakati wa chakula cha mchana tulijifungia kwenye chumba kile cha mavazi, yeye kwenye kreti, mimi kwenye lundo la makoti, tukipitia maneno. Mbele ya kamera nikawa nampa kamba ya kushika. Yaya akawa mtu wa kuuliza maswali: Mama, umesema wageni wanakuja lini? Mama, si ulikataa mahari yao? Nikimwona anapotea, namvuta kwa swali, naye anajibu kwa maneno yake ya kweli, na anayeangalia haoni mshono. Wewe fundi wa nguo unaelewa: kazi yenyewe ni kuuficha uzi.

Kilichotokea baadaye ndicho kilichonichanganya. Watazamaji wakampenda Yaya mwenye maswali. Waandishi wa tamthilia nao wakaona, wakaanza kuniandikia maneno. Gazeti likaweka picha yangu, ile uliyoibandika ukutani kwako. Nilipanda cheo, dada, kwa ngazi ya ugonjwa wa mtu mwingine, na sikuweza kumwambia yeyote. Wenzangu wakaanza kuninyooshea vidole. Yule binti alinifuata kwenye korido akaniambia wazi kwamba nimevimba kichwa, najipendekeza kwa kamera, namwibia mama wa watu nafasi yake wakati amezeeka. Nikamwambia anisamehe. Ningesema nini? Siri haikuwa yangu.

Na Malkia je? Usidhani tulikuwa marafiki wa kukumbatiana. Aliendelea kuniita wewe. Aliendelea kunikosoa. Siku nikimpa neno mapema mno, alinifinya chini ya meza, na kucha zake ni ndefu. Lakini kuna mchana mmoja, tukiwa kwenye chumba cha mavazi, aliniuliza kama nimewahi kuogopa. Nikasema naogopa nyoka na mikopo. Alicheka sana, kisha akasema yeye anaogopa asubuhi. Akiamka, kabla hajafungua macho, hujiuliza kwanza leo kitakuwa kimechukuliwa nini. Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia wezi wa mtaani. Kisha akasema tuendelee, ukurasa unaofuata.

Ikaja siku mtayarishaji akaniita ofisini. Akanikaribisha kiti, akafunga mlango, na nikajua si jambo dogo. Aliniambia Malkia amekuwa mzigo, watu wanasubiri, kazi inachelewa. Wameamua Bi Mkubwa afe. Na akishakufa, ndipo itajulikana kwamba Yaya ni dada wa tumbo moja wa marehemu mume wake, aliyefichwa miaka yote, na nyumba nzima ni yake. "Wewe ndiye utakuwa tamthilia yenyewe," akasema. Uso wangu kwenye mabango. Jina langu la kwanza kabisa, kabla ya muziki.

Nilitaka kukuambia kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Miaka yote ya mapazia na mabega ilinipanda kooni, nikasema ndiyo, na nikashika ngazi nashuka huku nacheka peke yangu.

Malkia aliambiwa na mtayarishaji mwenyewe. Nilimkuta kwenye kreti lake mchana huo, nikaanza kujieleza, akanyanyua mkono. Akasema ameigiza kufa mara nyingi na hajawahi kukosea, kwa hiyo tufanye kazi. Tukajifunza hotuba ya kufa. Ilikuwa ndefu, waandishi walijimwaga: awasamehe watoto, agawe vitu, amshukuru Mungu. Tuliirudia mpaka mimi nikawa naiota.

Siku ya kurekodi alikuwa kitandani, taa imepunguzwa, na mimi nimeketi ukingoni nimemshika mkono kama nilivyoelekezwa. Alipofumbua macho niliona kwamba hakuna kitu humo. Hotuba yote imeondoka. Nikainama nimpe neno la kwanza. Akatingisha kichwa kidogo, hataki. Akanitazama, akaniita kwa jina langu. Si Yaya. Jina langu, lile mliloniita nyumbani. Sikujua kama analijua. Akaniuliza, "Umechoka?" Nikasema hapana, mama. Akasema, "Umesimama sana. Leo kaa." Kisha akafumba macho, na akafa kama ilivyoandikwa.

Ndiyo, dada. Ulinipigia usiku sehemu ile ilipoonyeshwa ukiniuliza kwa nini wamelitaja jina langu la kweli, nikakuambia ni mbinu ya waandishi. Haikuwa mbinu ya mtu yeyote. Machozi uliyoyaona hayakuwa kwenye karatasi. Mwongozaji alisema kata kwa sauti ya chini, na yule binti wa korido alikuja akanishika bega.

Basi nikawa mkubwa. Mabango umeyaona. Nilipewa chumba changu na kioo chenye balbu pande zote, nikaletewa pia Yaya mpya wa kufungua mlango, msichana mzuri mwenye adabu. Na nikagundua jambo ambalo sikulitegemea: nilikuwa mbovu. Watu hawakuona, lakini mimi nilijua. Nilikuwa nasema maneno yangu sawasawa, na maneno yanaanguka sakafuni. Nilisubiri mtu wa kumsikiliza, kumbe sasa mimi ndiye wa kusikilizwa, na sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilikuwa nikirudi nyumbani kama nimebeba gunia.

Katika hali hiyo, mwana wa kiume wa Malkia akaja kazini kunitafuta. Mhasibu, mtu mpole, amevaa tai, anaona haya. Alisema, "Samahani dada, sijui hata nianzie wapi." Mama yake anaishi kwake, hamtambui tena mkewe, amewafukuza wauguzi mmoja baada ya mwingine. Kutwa anazunguka nyumba anauliza Yaya yuko wapi. Je, ningeweza kwenda kumwona, hata kidogo tu?

Nilikwenda siku ya mapumziko. Nilimkuta amesimama sebuleni, nywele hazijachanwa, koti la mwanawe limevaliwa kinyume. Aliponiona aliunyoosha mgongo wake wote. "Wewe," akasema. "Ulikuwa wapi? Wageni wamefika na hakuna aliyefungua mlango." Mwanawe akafungua mdomo amrekebishe. Nikamzuia kwa jicho. Nikasema, "Nisamehe, Mama. Nilikuwa naandaa chumba." Akatulia, dada. Alitulia kama mtoto aliyebebwa. Akaketi, akaniruhusu nimchane nywele, na huku namchana akaanza kusema maneno. Ile hotuba ya kumfukuza mkwe, neno kwa neno, na hasira yake yote. Ugomvi wa shamba. Yote yaliyokuwa yakimtoroka mbele ya taa yalikuwa yamejificha humo ndani, yakisubiri kamera ziondoke. Nami nikamjibu kila mahali pa kujibu. Tulimaliza sehemu nzima, akaomba chai, na mwanawe alikuwa ameegemea ukuta anafuta miwani yake.

Nikawa nakwenda kila nilipopata nafasi. Kisha mke wa mwana huyo, ambaye simlaumu, ana watoto wadogo, akasema hawezi tena. Mwana akapata nyumba ya wazee, safi, mbali sana, mahali ambapo hakuna anayemjua Bi Mkubwa wala Yaya. Sanduku likafungwa. Nilipokuja kuaga, Malkia aliniuliza tunasafiri saa ngapi. Alisema tunasafiri. Sisi.

Sasa nifike pale nilipomwambia binti yetu asiruke. Dada, Malkia yuko kwangu. Anaishi na mimi, katika chumba kile kilicho upande wa bustani, chumba nilichokuahidi wewe cha kupumzikia baada ya kupasuliwa macho. Kitanda nilichokununulia ndicho anacholalia. Na nimeacha tamthilia kwa ajili hiyo. Nilimwomba mtayarishaji anipunguzie siku, akasema mkubwa hapunguziwi siku, basi nikamwambia amtafutie Yaya safari kwenye hadithi. Ndiyo maana ulimwona Yaya anapanda gari na masanduku na hajarudi. Sikugombana na mtu, sikuolewa na tajiri, na shemeji mwambie mdomo wangu safari hii hauna kosa. Nafanya kazi ndogo ndogo za siku moja mwanawe anapoweza kuja kukaa naye. Juzi nilikuwa shahidi mahakamani, nina maneno machache, na nilirudi nyumbani mwepesi kama karatasi.

Usinisifu, nakuomba. Nakujua, utataka kuwaambia watu mdogo wako ana moyo wa huruma. Si huruma peke yake. Kuna siku ananichosha mpaka najifungia jikoni nauma kitambaa. Ananifinya, anamwaga chai, anadai nimemwibia pete ambayo ilikuwa ya tamthilia. Ukweli wenyewe ndio huu, na nimeuandika mara mbili nikaufuta: katika chumba kile, nikimchana nywele na kumpa maneno yake, ninafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna mwongozaji, hakuna gazeti. Anayenitazama atasahau kabla ya jioni. Na mimi nina furaha, dada, furaha ambayo bango halikunipa, na inaniogopesha kidogo. Najiuliza pia kama ninamdanganya. Anaamini nyumba hii ni yake na mimi ni mlezi wake. Sijui jibu. Ninachojua ni kwamba haogopi tena asubuhi. Akiamka ananiita, na ninakuja.

Lililokuwa limebaki lilikuwa wewe. Nilijua siku zako za hospitali zinakaribia, na kila nilipotaka kukupigia niliona kitanda chako kina mtu. Jana nilipiga moyo konde nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ya Yaya, maana nyingine haisikii. Nikasema, "Mama, dada yangu anakuja kutibiwa macho, na sina pa kumlaza." Nilijiandaa kwa wembe. Katika nyumba ya Bi Mkubwa ndugu wa mtumishi hajawahi kupewa hata maji.

Aligeuka akatazama dirisha. Kisha akasema, "Mpe chumba changu. Mtu asiyeona vizuri anahitaji dirisha. Mimi nitalala kwako, kitanda chako kinatosha." Akanitazama tena, akaongeza, "Lakini upumue taratibu."

Nimekesha naipekua tamthilia nzima kichwani, dada, sehemu moja baada ya nyingine, kutafuta maneno hayo ameyatoa wapi. Hayamo. Hakuna aliyemwandikia.

Basi njoo. Chumba kimeshafagiliwa, na godoro nimelianika. Akikuuliza wewe ni nani, mwambie ukweli, kwamba wewe ni dada yangu. Msalimie shemeji na wote wanaoniulizia hapo, na binti yetu umpe busu kwa kutoruka. Mungu akulinde njiani, nami nitakuwa kituoni nakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
yule wa mwisho wa mama